Kofia ya harusi, kuanzia kanisani mpaka ukumbini: mwongozo kamili

Msimu wa harusi ukianza Moshi na Arusha, hasa Desemba Wachagga wanaporudi nyumbani, wanawake wanaokuja kwangu kuchagua kofia huuliza swali lile lile: nifanyeje isidondoke? Kuizuia isidondoke ni kazi ya dakika kumi, na nitaieleza. Wengi wanakwama kwingine. Wanajipanga kuivaa, hawajipangi kuivua. Saa moja usiku inafika, mama yuko meza kuu, ukingo wa kofia umemziba mkwe wake kwenye kamera, naye hathubutu kuitoa kwa sababu nywele za chini yake zimelala na kulowa jasho. Anabaki nayo kwenye keki, kwenye zawadi, mpaka ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuokwa, inaingia.

Kwa hiyo hatua zifuatazo zinafuata siku yenyewe inavyokwenda, na zinaanza na maandalizi ya kuivua. Zinahusu aina mbili: kofia yenye ukingo, na fasineta, yaani lile pambo dogo la manyoya, maua au wavu linalokaa upande mmoja wa kichwa.

## Vifaa

Viweke vyote mezani siku mbili kabla. Asubuhi ya harusi si wakati wa kutafuta lastiki.

- Kofia au fasineta yenyewe
- Lastiki nyembamba ya mviringo, rangi ya nywele zako, isiyopungua nusu mita
- Sindano na uzi imara wa rangi hiyo hiyo
- Pini ndefu ya kofia, au pini za nywele nyeusi kama sita
- Kitana kidogo cha plastiki cha kushonea ndani ya kofia
- Kofia ya wavu ya kuvaa chini ya wigi, au kitambaa chepesi cha satini
- Boksi linaloipokea kofia bila kuikunja. La keki linafaa sana
- Kipande kikubwa cha nailoni cha kufunikia boksi
- Kifuko cha mkononi chenye kitana, mafuta ya nywele, leso na hereni za akiba
- Futikamba ya fundi cherehani

## Hatua ya 1: Ulizia ratiba na sare

Mpigie mtu wa kamati, usimsumbue bi harusi. Uliza ibada ni saa ngapi, ukumbini watu wanaingia saa ngapi, na kama familia imeshona sare.

Sare ndiyo inayoamua mengi. Akina mama wakiwa wameshonewa vitenge na vilemba vya kufanana, kofia yako katikati yao itaonekana umejitenga. Hapo funga kilemba, kofia iache kabatini.

Saa nayo ina maana yake. Kofia yenye ukingo ni vazi la mchana, kazi yake ya asili ni kukinga jua, na desturi yake mpaka leo inafuata jua. Sendofu, ile sherehe ya kumuaga bi harusi, inayoanza saa kumi na mbili jioni haina nafasi ya kofia pana, hata kama imekugharimu. Fasineta inaruhusiwa, kilemba kinapendeza zaidi.

Angalia pia wewe ni nani kwenye shughuli hiyo. Kofia kubwa ni ya mama wa bi harusi na mama wa bwana harusi. Shangazi na mama wadogo wanafuata. Mgeni wa kawaida achague iliyo ndogo kuliko ya mama, na asipoijua ya mama, achukue fasineta. Nyeupe, krimu na wavu unaofunika uso mzima mwachie bi harusi.

Tahadhari: katika ibada za Kikatoliki, Kilutheri na Kianglikana mwanamke halazimiki kuvua kofia, ni mwanamume anayevua. Mjadala ukizuka, watu hukufungulia 1 Wakorintho 11, na hiyo ndiyo inayosemwa pale. Baadhi ya makanisa ya kipentekoste yana msimamo wao kuhusu mapambo, kwa hiyo muulize mwenyeji wako. Kwenye nikaha, heshima ni mtandio unaofunika nywele. Fasineta haifuniki kitu.

Umefanikiwa ikiwa: unajua saa ya kuivaa na saa ya kuivua.

## Hatua ya 2: Pima kichwa nywele zikiwa tayari

Watu hupima kichwa Jumatatu, wanasuka rasta Alhamisi, Jumamosi kofia inakaa juu kama kifuniko cha sufuria ndogo kwenye sufuria kubwa. Suka kwanza, ndipo upime. Zungusha futikamba katikati ya paji la uso, ipite juu kidogo ya masikio na kwenye kichogo. Ongeza nafasi ya kidole kimoja, maana kofia inayobana huleta maumivu ya kichwa kabla mahubiri hayajaisha.

Ukingo usizidi upana wa mabega yako. Ukizidi hapo, utamgusa jirani kila ukigeuka, na mabenchi yetu ya kanisani yanawabana watu bega kwa bega. Mwanamke mfupi anapendeza na ukingo mwembamba wenye kina kidogo juu. Mrefu ana uhuru, ila akumbuke kwamba aliyeketi nyuma yake hana.

Ukinunua ya mtumba, iwe soko la Memorial pale Moshi au kwa wauzaji wa Arusha, itoe nje uitazame kwenye mwanga wa jua. Tafuta alama za maji, mkunjo uliovunjika kwenye ukingo, na doa la vipodozi kwenye utepe wa ndani. Doa linatoka. Alama ya maji kwenye sinamei mara nyingi haitoki, na ukingo uliovunjika hauwi mzima tena. Ukingo uliopinda tu bila kuvunjika unanyooshwa kwa mvuke wa birika: ushike mbali kidogo na mdomo wa birika, ulainike, unyooshe kwa vidole, kisha uuache ukauke juu ya bakuli lililofunikwa.

Sinamei hufumwa kwa nyuzi za abaka, mmea wa jamii ya mgomba unaolimwa sana Ufilipino. Ni nyepesi, inapitisha hewa, inafaa joto la Moshi. Kofia ya sufu iliyogandamizwa inafaa Arusha ya Juni na Julai, baridi ikikaza. Sufu kwenye joto la Februari ni adhabu.

Halafu kuna wanaoniuliza kama fasineta ni kofia kamili. Kule Uingereza, kwenye mbio za farasi za Royal Ascot, tangu 2012 eneo la Royal Enclosure halipokei fasineta, isipokuwa pambo lenye kitako cha angalau inchi 4, kama sentimita 10. Huku hakuna mzee wa kanisa atakayekujia na rula. Ila kitako kikubwa kina faida nyingine: kinashika kichwa vizuri zaidi.

## Hatua ya 3: Tengeneza nywele zinazofaa kuonekana bila kofia

Hapa ndipo siku yako inapoharibika au kupona. Mwambie msusi wazi: nataka mtindo utakaopendeza kofia ikitoka. Ukimwambia tu kwamba utavaa kofia, atakusukia chochote, kwa sababu anajua hakitaonekana.

Twende kilioni, ile misuko ya mistari inayorudi nyuma, ndiyo rafiki mkubwa wa kofia. Imelala, haitimki, pini inapita kati ya mistari, na ukivua inaonekana kama ulivyotoka saluni. Rasta ndefu zikusanywe chini, kichogoni, zisifungwe utosini. Fundo la kichogoni litakusaidia pia kushikilia lastiki.

Kwa wigi, kanuni ni moja: shika wigi kichwani kwanza, kofia baadaye. Ukibana kofia kwenye wigi ambalo halijashikwa, upepo ukija vinaondoka vyote viwili pamoja. Suka nywele zako, vaa kofia ya wavu juu yake, bana wigi pande nne, kisha tikisa kichwa. Wigi likicheza, rudia.

Mwenye nywele fupi sana hana pa kuchomeka pini. Asipoteze muda. Atumie fasineta iliyoshonwa kwenye kibanio cha mviringo kinachopita utosini, au lastiki peke yake.

Umefanikiwa ikiwa: umejitazama kwenye kioo bila kofia na uko tayari kupigwa picha hivyo.

## Hatua ya 4: Shona, vaa, jaribu

1. Shona lastiki ndani ya kofia, ncha moja kila upande, mbele kidogo ya masikio. Ipite nyuma, chini ya fundo la nywele. Isipite chini ya kidevu. Hiyo ni ya watoto wa shule ya chekechea.
2. Shona kitana ndani, upande wa mbele, meno yakitazama nyuma. Ukivaa, kisukume kuelekea mbele kidogo ndipo urudishe nyuma, meno yaume nywele.
3. Kofia yenye ukingo ikae sawa, usawa wa vidole viwili juu ya nyusi. Ukiisukuma nyuma kichwani utaonekana umechoka kabla shughuli haijaanza.
4. Fasineta iegemee kulia, juu ya nyusi ya kulia, si utosini. Desturi ya kofia za kike huweka pambo kulia, za kiume kushoto. Kama unatenganisha nywele kulia, au utakaa na mzee upande huo siku nzima, igeuze. Hakuna atakayekukamata.
5. Pini ndefu iingie kutoka nje ya kofia, ishike fungu la nywele, itokee tena kwenye kofia. Ncha ifunikwe. Ncha tupu itamchoma mtu atakayekukumbatia, na siku hiyo utakumbatiwa na ukoo mzima.

Sasa jaribu. Inama kama unavyomwamkia bibi. Geuka haraka kulia na kushoto. Cheza kidogo, hakuna anayekuona. Kaa nayo nyumbani ukipika chai. Mahali panapobana baada ya nusu saa patauma baada ya saa tatu, kwa hiyo legeza lastiki sasa.

Umefanikiwa ikiwa: mkono wako haujaigusa muda wote huo. Mwanamke anayeshikashika kofia yake anawaambia watu wote kwamba ameiazima.

## Hatua ya 5: Safari

Kofia isafiri ndani ya boksi, boksi likae mapajani. Ndani ya gari kama Noah dari ni fupi, ukingo unagonga, na ukilala kidogo kwenye kiti umeukunja. Utavaa ukifika, ukitumia kioo cha gari.

Fasineta nyingi zimegundishwa kwa gundi ya moto. Gari lililofungwa juani huilainisha, na manyoya yanaanza kuegemea. Usiache boksi kwenye dashibodi wala nyuma ya kioo.

Kuanzia Machi mpaka Mei, na tena kwenye vuli, nailoni isikae mbali. Tone moja kwenye sinamei si kitu. Mvua ya dakika tano pale mlangoni mwa kanisa inaibomoa. Boksi lifunikwe na nailoni hata kiangazi, vumbi lisiingie, kama unapanda Kibosho au Machame na mtaachana na lami kufuata barabara ya kijijini.

Bodaboda? Helmeti kichwani, kofia kwenye boksi. Hilo halina mjadala.

## Hatua ya 6: Kanisani

Uwe umefika Kanisa Kuu la Kristo Mfalme mjini Moshi au kigango cha kijijini, mambo ni yale yale. Fika mapema uchague pa kukaa. Ukingo mpana ukae pembeni kabisa mwa benchi, upande wa ukuta, na usikae kwenye njia ya katikati, maana wote wa nyuma wanataka kumwona bi harusi akiingia. Akina mama wa familia wana nafasi yao mbele, wala hawana wa kumziba isipokuwa benchi la pili. Kwa hiyo mama mpendwa, mwambie binti aliyeketi nyuma yako aseme ukweli kabla ibada haijaanza.

Geuka umtazame aliye nyuma yako. Ukimkuta mtoto au mzee, vua ile yenye ukingo bila kusubiri kuombwa. Watu wetu hawakuombi. Watavumilia ibada nzima wakichungulia kulia na kushoto, halafu nje watakusema.

Kusalimiana. Wanaogongana ukingo ni wengi kuliko wanaodondosha kofia. Ukimkumbatia mtu, peleka kichwa upande ambao hauna pambo, naye atafuata. Mkikutana wawili wenye kofia pana, shikaneni mikono yote miwili, inatosha na inapendeza. Kwa mkubwa wako, piga goti kidogo ukimpa mkono na kumwamkia shikamoo. Usimsogezee ukingo usoni. Ukiinamisha kichwa sana, kofia inaficha macho, na mzee anataka kukuona.

Komunyo. Inua uso kidogo ili padre aone mdomo wako. Kama mnapokea divai kwenye kikombe, ukingo mpana utagonga kikombe, na hilo si jambo la kujaribu. Siku ya ibada yenye komunyo, mimi humshauri mtu achukue fasineta au ukingo mfupi.

Baraka. Wazazi wakiitwa mbele kuombewa na mchungaji anawekea watu mikono kichwani, kofia pana itolewe mapema na kupewa mtu ashike. Mchungaji atabaki anatafuta pa kuweka mkono.

## Hatua ya 7: Picha na msafara

Tuko karibu nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Kati ya saa sita na saa nane mchana jua liko utosini, na ukingo unatupa kivuli cheusi kuanzia nyusi mpaka pua. Ndiyo maana albamu nyingi zina akina mama wasio na macho. Inua kidevu kidogo, egemeza ukingo juu, au omba mpigapicha awapange chini ya mti, mwanga ukiwa sawa kwa wote. Akiwa na flashi, aitumie hata mchana.

Kwenye picha ya ukoo, kofia pana ziende mstari wa nyuma au pembeni. Aliyevaa kofia akikaa katikati ya mstari wa mbele, aliye nyuma yake anatokea nywele tu.

Msafara ukianza, tarumbeta ziko juu ya pikapu, magari yanauzungukia Mnara wa Saa, vioo vimeshushwa na watu wanapunga vitambaa. Kofia irudi kwenye boksi. Pini inahimili upepo wa kawaida, haihimili gari linalotembea. Sheria hiyo ifuate pia kwenye boti, kama mnaendelea Zanzibar: sitaha ya juu si mahali pa ukingo mpana.

## Hatua ya 8: Ukumbini, kuivua

Jua huku huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima. Hapo ndipo kofia yenye ukingo inapomaliza kazi. Fasineta inaweza kubaki, hasa kama ni ndogo.

Desturi ya zamani ya harusi za kofia inasema wageni wamsubiri mama wa bi harusi avue kwanza. Mimi naipenda, kwa sababu inawatoa wote kwenye aibu kwa pamoja. Kama wewe ndiye mama, elewa kwamba kuna wanawake wanakutazama wakisubiri. Vua kabla ya kuingia ukumbini, au mara tu baada ya maharusi kuketi. Kama mama ameamua kukaa nayo usiku kucha, usimsubiri. Vua.

Namna ya kuvua:

1. Toka nje ya macho ya watu: msalani, chumba cha maharusi, au ndani ya gari. Usifanyie mezani.
2. Toa pini zote kwanza, uzihesabu. Ndipo utoe lastiki, mwisho kitana. Ukianza kwa kuvuta, unang'oa na nywele.
3. Futa jasho kwenye paji la uso kwa leso, kwa kugusa, usisugue. Alama ya utepe itapotea ndani ya dakika chache.
4. Paka mafuta kidogo kwenye mistari au kingo za nywele. Badilisha hereni: zile ndogo za chini ya kofia ziende kwenye kifuko, zitoke kubwa.

Kofia sasa ikae wapi? Isikae mezani, pale ni pa chakula. Isikae juu ya kiti, maana mtu ataikalia akiinuka kucheza. Ndani ya boksi, boksi chini ya meza upande wa ukuta, au kwenye gari lililofungwa, kwa kuwa usiku joto limeshuka. Mkabidhi binti mmoja wa familia boksi hilo, mtaje jina mbele ya mwenzake, ili asije akasema alidhani ni wewe.

Ukibaki na kofia hata hivyo, kuna nyakati nne ambazo haitakusamehe: kulishana keki, kupanga foleni ya chakula na kuinama juu ya masufuria, kucheza ukipeleka zawadi, na ndafu ikiingia, kila mtu akiwa amesimama na simu juu. MC hatakutaja jina. Atasema tu, "akina mama wa mbele, naomba tuonekane sote."

Umefanikiwa ikiwa: hakuna aliyegundua ni saa ngapi uliivua.

## Hatua ya 9: Kesho yake

Usiirudishe kwenye boksi ikiwa na unyevu. Iache kivulini nusu siku, imelala kichwa chini, ikikalia utosi wake. Ikikalia ukingo, ukingo hunyooka na kupoteza umbo. Piga vumbi kwa brashi laini, ukifuata mwelekeo mmoja. Doa la vipodozi kwenye utepe wa ndani lipanguse kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo sana, na ulikaushe.

Jaza ndani karatasi laini. Usitumie gazeti, wino wake unahamia kwenye kitambaa cheupe. Weka boksi mbali na dirisha, kwani rangi ya waridi na ya zambarau hupauka upesi kwa jua.

Ya kuazima irudi ndani ya wiki, kavu, pamoja na pini zake zote. Lastiki uliyoishona iache humo humo.